Fundi Bawaba na nyumba yenye makomeo kwa ndani

Saa mbili asubuhi mlango umelazwa juu ya meza ya karakana, ubao wake wa chini umepasuka. Randa iko tayari, gundi ipo kwenye kopo, ubao mpya umeshakatwa kwa kipimo. Fundi hagusi kitu. Amevuta stuli, amekunja mikono, anatazama uani.

"Mteja simngoji," anasema. "Namngoja aliyeuvunja."

Aliyeuvunja ni kijana wa miaka kumi na saba, aliyeletwa Jumatatu katika nyumba hii ya shirika la kulea vijana, kutoka mahabusu ya watoto. Kila akiitwa karakana anajibu kwa tabasamu, "Kesho, mama, kesho kabisa." Wenzake hawakuchelewa kumbatiza. Wanamwita Bwana Kesho.

Kwa sasa analala chumba kisicho na mlango, shuka limetundikwa mahali pake. Leo ni Ijumaa, na saa nane mchana anakuja afisa wa ustawi wa jamii kuamua kama kijana abaki hapa au arudi mahabusu. Afisa huyo ana swali ambalo halimkosi mtu: umefanya nini na ulichoharibu?

Sheria ya nyumba ni fupi. Aliyevunja hutengeneza, bega kwa bega na fundi. Hakuna anayelazimishwa, lakini fundi naye hatengenezi peke yake.

"Nikiutengeneza mimi utakuwa mlango wangu," anasema. "Na mimi nina wangu nyumbani, unanitosha."

Jina la Fundi Bawaba alipewa na vijana, na analivaa kwa fahari. Ana miaka hamsini na minane, watoto watatu, wajukuu wanne. Useremala aliuanza pale mgongo ulipomlaza mumewe kitandani, naye akashika randa ili jiko lisizimike.

"Wateja walikuwa wanakuja wananiuliza fundi yuko wapi. Nawaambia, unaongea naye. Wengine wanachungulia nyuma yangu, labda nimemficha."

Miaka ishirini na mitatu iliyopita aliitwa na muuguzi mstaafu, ambaye sasa ni marehemu. Muuguzi huyo alikuwa amepanga nyumba ya vyumba vinne, akawachukua vijana sita waliotoka mahabusu bila pa kwenda. Alikuwa na moyo mpana, na hofu yake haikuwa ndogo. Aliagiza makomeo yote yafungwe kwa nje.

"Nikafunga, kazi ni kazi. Siku ya pili naitwa, milango minne iko chini. Nikairudisha, ikalala tena. Mara ya tatu nikamwambia, Sista, hapa hatutengenezi milango, tunapasua kuni."

Wakiwa katika kubishana, binti mmoja kati ya wale sita, aliyekuwa amekaa kizingitini, akauliza, "Fundi, wewe ukifungiwa kwa nje, usingizi unakuja?"

Fundi akachukua bisibisi. Jioni hiyo aliyang'oa makomeo yote akayahamishia ndani. Muuguzi alikesha akitega sikio, roho mkononi. Kulipokucha, vijana sita walikuwa mezani wanadai chai.

Shirika lote lilikua kutokana na siku ile. Leo lina majengo mawili, vijana thelathini na wanne, darasa, vyerehani vitano na karakana hii. Makomeo bado yako ndani na geti halijawahi kuwa na kufuli.

Si wote waliokaa. Wapo waliotoka getini wasirudi. "Inaniuma mpaka leo," anasema fundi. "Lakini ningeweka kufuli, ningewapoteza wote."

Mshahara wake je? "Unalipa kodi, unalipa ada ya mjukuu, ukifika kwenye sukari unaanza kukohoa." Anacheka mwenyewe. Duka la fanicha mjini limemwita mara mbili kwa malipo mazuri zaidi, na mara zote mbili amekataa.

Bwana Kesho anapita uani na ndoo ya maji, uso ameugeuzia ukutani.

"Watu wanasema mvivu," fundi anasema kwa sauti ya chini. "Huyu ana aibu."

Anaeleza kisa chenyewe. Usiku wa kwanza upepo uliubamiza mlango. Kijana alikuwa ametoka mahali ambapo mlango ukibamizwa umefungwa kwa nje, akaamini amefungiwa. Akapiga mateke hadi ubao ukaachia. Kumbe mlango ulikuwa wazi, ulihitaji kuvutwa tu, na komeo lilikuwa upande wake, halijaguswa. Wenzake walicheka hadi wakashika mbavu. Tangu hapo ana porojo za kutosha kijiji, lakini mlango haukaribii.

Subira huvuta heri, ila subira ya leo ina mwisho wake saa nane. Fundi anainuka.

"Mwanangu, njoo unishikie ubao."

"Kesho, mama."

"Kesho yangu mimi naijua? Njoo sasa."

Kijana anatua ndoo. Anasogea hadi mlangoni mwa karakana, anasimama hapo. "Watanicheka tena."

"Watakucheka, ndiyo. Kamuulize mkurugenzi kama yeye hakuchekwa."

Dirisha la ofisi linafunguka. Mkurugenzi, mwanamke wa makamo mwenye miwani, ndiye yule binti wa kizingitini. "Mimi nilivunja mitatu!" anapaza sauti. "Wa tatu ulikuwa wa choo, na ulikuwa wazi!"

Uani kunalipuka kicheko. Bwana Kesho anacheka pia, kwa mara ya kwanza bila kujilazimisha, kisha anavuka kizingiti.

Wanafanya kazi. Kijana anapinda misumari, anaing'oa, anaanza upya. Maranda yanamjaa nyweleni. Mlango ukisharudi kwenye bawaba zake, fundi anampa komeo na bisibisi. Kijana analigeuza mkononi, kisha anaingia chumbani na kulifunga kwa ndani.

Afisa anafika na faili lake. Mlango umefungwa. Anainua mkono kuusukuma, fundi anamshika kiwiko.

"Bisha hodi, mama."

Afisa anamtazama, kisha anabisha. "Hodi?"

Komeo linasogea, mlango unavutwa.

"Karibu," anasema kijana. Kabla hajaulizwa swali anaongeza, "Nilikuwa nimeuvunja. Jaribu kuufunga."

Afisa anaufunga, anaufungua, anaufunga tena. Anaandika mstari mmoja kwenye faili. "Nitakuja baada ya miezi mitatu," anasema. "Nikukute hapahapa."

Fundi Bawaba anafuta macho kwa kona ya aproni na hajali nani anamwona. Karakana ina mbao za milango kumi na miwili ya bweni jipya la wasichana. Maisha yake yote hapa amekuwa akitengeneza iliyovunjika. Kabla macho hayajamchosha anataka kuunda mipya, kwa mikono ya wale waliovunja ya zamani. "Hao ndio wanaojua mlango unaachia wapi," anasema.

Anamgeukia kijana. "Wa kwanza tunauanza lini?"

"Kesho," anajibu Bwana Kesho, na safari hii hakuna anayecheka.