Fundi Aliyepima kwa Macho

Mume wangu ni fundi cherehani, na tangu viganja vyake vianze kutoa magamba, hatulii. Anashona pindo, anainuka, anajikuna, anachungulia dirishani, anarudi na kusahau alikuwa anashona nini. Daktari alimwambia ni soriasisi: haiambukizi, haina dawa ya kuimaliza kabisa, lakini hutulizwa. Akampa krimu na kumwomba awe na subira. Subira! Mtu ambaye hata chai haingoji ipoe.

Kila anayepita dukani ana dawa yake. Muuza mboga alileta jani la mshubiri. Fundi akapaka ute wake siku mbili, akaacha. Wifi yangu akashauri siki. Siki juu ya ngozi iliyopasuka, jamani! Alipiga ukelele mpaka muuza mboga akaja mbio akidhani tumevamiwa. Kisha likaja tope la unga wa manjano, ambalo liliacha alama za vidole kwenye gauni jeupe pee la bibi harusi, na mimi ndiye niliyelifua mara nne huku nikimtukana kimoyomoyo. Yaliyomfaa kidogo ni mafuta ya nazi. Lakini mafuta na hariri haviivi chungu kimoja.

Siku moja mwalimu mmoja alikuja kushonewa sketi. Alipoona mkono ulioshika futi, alirudi nyuma hatua moja.

"Samahani, fundi. Hiyo haiambukizi kweli?"

"Haiambukizi," alijibu, akaikunja futi na kuitia kwenye droo. "Simama hapo hapo tu. Nitakupima kwa macho."

Sketi ilimkaa sawasawa. Sifa zikaenea, watu wakaanza kumwita Jicho, wakidhani ni maringo ya ufundi. Mimi nilijua ni aibu, na ilinikera, kwa sababu haikubaki dukani. Aliacha kunishika mkono. Mwanetu akimkimbilia, anamkwepa. Hata mama yake, anayekaa chumba cha ng'ambo ya ua, alimsalimia akiwa mlangoni, mikono mfukoni, na huyoo, kashaondoka.

"Utaihangaikia ngozi mpaka utupoteze sisi," nilimwambia.

"Usinipigie kelele," akasema, akaenda kutafuta majani ya mwarobaini.

Mama mkwe akataka gauni la kuvaa kwenye harusi ya mjukuu wake. Jicho alikata kitambaa bila hata kumwita. "Mama yangu nipime nini? Namjua toka tumboni."

Siku ya kujaribisha, mama mkwe aliingia dukani, akavua lile sweta lake kubwa analoshinda nalo kila siku nyuma ya pazia, akatoka amevaa gauni. Mabega yalikuwa yanateleza. Kiunoni kilibaki kitambaa cha kumtosha mtu mwingine. Jicho alilaumu mkasi, akalaumu kitambaa, akanilaumu mimi, akaizunguka meza mara tatu. Mama yake alikaa kwenye kigoda kama aliyetoka safari ndefu. Nilimtazama mikono yake myembamba nikaona haya, maana nilikuwa nampelekea chakula kila siku na sweta lilinidanganya nami.

"Mpime mama yako," nikasema, nikamtupia futi.

"Mikono yangu ina mafuta."

"Mpime!"

Akamwinua, akamzungushia futi kiunoni. Akasoma. Akapima tena. Halafu akaiachia futi ianguke, akampapasa mbavu juu ya gauni, moja baada ya nyingine, kwa viganja vile vile vya magamba, na mafuta yakaingia kwenye kitambaa kipya bila yeye kujali.

"Mama, umekonda hivi tangu lini?"

"Ni miezi sasa," akasema mama mkwe. "Ungenishika, ungejua."