Waridi na Picha za Chumba cha Ndani

Mwaka 1957 Mbeya ilikuwa na mafundi picha watatu, na wawili kati yao walikuwa waongo. Wa tatu alikuwa Mzee Taherali, na ukitaka ukweli wenyewe, hata yeye picha zake nzuri zilipigwa na Waridi binti Othmani, msichana wa miaka kumi na tisa aliyeanza dukani kwake kwa kufagia. Anayetaka kubisha na abishe.

Basi ikaja barua kutoka Iringa. Kamati ya vijana wapiga picha ilikuwa inapeleka vijana sita Bombay, wakae miezi miwili katika nyumba za wapiga picha wenzao wa Kihindi, wafundishane kazi, wale chakula chao, waone sikukuu zao. Mwaka unaofuata wale wa Bombay nao waje huku, waonje baridi yetu. Masharti mawili: kila kijana alete shilingi mia mbili za kwake, na picha kumi na mbili alizopiga mwenyewe.

Picha Waridi alikuwa nazo: magunia ya viazi ya Uyole, wachimba dhahabu wa Chunya waliogeuka weupe kwa vumbi. Shilingi ndiyo hakuwa nayo hata moja. Baba yake alisema, "Bombay nenda, mwanangu. Fedha usiniulize." Mzee yule alikuwa mkarimu sana wa ruhusa.

Waridi akabuni la kwake. Wake wa wafanyabiashara wa mtaani, watu wa asili ya pwani, walikuwa hawapigwi picha, maana fundi ni mwanamume. Yeye akawafuata chumbani. Wakavua mabaibui, wakafungua nywele, wakavaa dhahabu zote za sandukuni, wakakaa kitandani na khanga moja ya kifuani na kuichekea kamera kicheko ambacho hata waume zao hawakukijua. Shilingi kumi na tano kila mmoja, bei ya kichaa, na walilipa. Walichokuwa wakinunua hasa ni kiapo: kwamba Waridi ataziosha picha mwenyewe katika chumba cha giza, na jicho la mwanamume halitaziona. Wanawake kumi na wawili, shilingi mia na themanini. Ishirini za juu alitoa shangazi yake, Bi Chiku, ambaye naye alikuwa mmoja wa hao kumi na wawili, kilemba amekilegeza kwa madaha yasiyolingana na umri wake.

Kosa lilizaliwa na adabu. Jina la mke wa mtu haliandikwi juu ya bahasha likazagaa dukani, kwa hiyo bahasha ya wanawake Waridi hakuiandika kitu. Na ile ya viazi nayo akaiacha tupu, ili ile nyingine isionekane ya ajabu. Akili nyingi hizo! Jumatano akamkabidhi Yotamu, dereva wa basi la Iringa, bahasha ya kamati. Alhamisi akaenda kwa Bi Mwanahawa, mke wa Alawi mnunuzi wa ngozi, kumpelekea picha yake. Akafungua bahasha. Yakatoka magunia.

"Mbona viazi, mwanangu?" Bi Mwanahawa akacheka. "Ndivyo nilivyonenepa?"

Waridi naye alicheka, lakini kwa mdomo tu. Talaka haikuwa mbali na ulimi wa Alawi. Wake wawili walikuwa wameshatoka nyumba ile, mmoja kwa kuchungulia dirishani. Na kila mwezi Alawi alikwenda Iringa kununua ngozi.

"Zenu bado hazijakauka, Bi Mwanahawa."

Ijumaa alfajiri akapanda basi pamoja na Bi Chiku, kwa sababu msichana hasafiri peke yake. Shangazi aliambiwa wanakwenda kuibembeleza kamati. Bahasha ya viazi ilikuwa chini ya baibui la Waridi. Kamati itakaa Jumamosi. Abadilishe tu kabla haijafunguliwa, yaishe.

Walipofika Chimala shangazi akauliza, "Zile zetu umezificha wapi?"

"Mahali pazuri, Shangazi."

"Mimi mume wangu marehemu, wa kuniacha hayupo. Lakini nina wakwe, weee! Wakiniona vile nitahama nchi." Akamtia kipande cha muhogo mkononi. "Kula. Unaogopa nini na Bombay hujaiona?"

Makambako tairi likapasuka. Abiria walikaa kando ya barabara wakipiga soga, na Waridi akihesabu macho: ya Yotamu, ya karani wa basi, ya kila mjumbe wa kamati. Muhogo ulikuwa bado mkononi, mzima.

Iringa waliingia jua likizama, wakaelekezwa ukumbi wa kamati. Mlango ulikuwa wazi. Mwalimu Ramesh, katibu, alisimama juu ya kiti, pini mdomoni. Chini yake wanaume watatu, vibarua wa ukumbi, walikuwa wanautazama ubao. Ubaoni Bi Mwanahawa alikuwa anacheka. Kando yake, kilemba kimelegea, Bi Chiku.

Waridi alisubiri shangazi apige kelele. Badala yake Bi Chiku alivua baibui lake, akapita katikati ya wanaume wale na gauni la nyumbani, akalitupa baibui juu ya ubao na kulishikilia kwa mikono miwili kama anayezuia mlango usivunjwe.

"Tokeni."

Walitoka. Mwalimu Ramesh naye alishuka kitini akarudi nyuma hadi kizingitini, akageuzia uso nje.

"Binti," alisema kwa upole, "kamati imeshaziona mchana, kabla ya kikao. Hakuna aliyeleta kitu kama hiki. Nafasi ya kwanza ni yako. Bombay watazitundika."

Waridi alimnyoshea bahasha. "Zangu ni hizi, Mwalimu."

Ramesh aliyapitia magunia na wachimbaji. "Nzuri. Lakini nzuri za namna hii ninazo arobaini. Kwa hizi siwezi kukuahidi kitu. Kesho tunaandika majina, chagua."

Shangazi alikuwa bado amelishikilia baibui ubaoni. Mabega yake yalikuwa yanapanda na kushuka. Waridi akaingiza mkono chini ya baibui, akaanza kuchomoa pini moja moja.

Vijana sita walipanda meli Dar es Salaam mwezi wa nane, naye hakuwamo. Yeye alipita nyumba kwa nyumba akirudisha picha na fedha, Bi Chiku nyuma yake, na kila mlango alisema ukweli. Wengine walilia. Mmoja alimtemea mate.

"Wanaume wangapi?" akauliza Bi Mwanahawa.

"Watatu, na Mwalimu. Na kamati."

"Kamati ni wangapi?"

"Sijui."

Bi Mwanahawa aliichana picha vipande vipande, akavitia katika moto wa jiko, akasimama mpaka vyote vimeungua. "Sura wameondoka nayo kichwani," alisema. "Na wewe hata hesabu yao huna."

Tangu hapo, kila Alawi alipofunga mizigo kwenda Iringa, wanawake wawili wa mtaa ule, Waridi na Bi Mwanahawa, chakula kiliwashinda. Basi liliporudi, kila mmoja nyuma ya dirisha lake alitazama kwanza miguu ya Alawi, anashukaje, kama amesikia neno huko.