Siku Kumi Bila Chakula

Rachael wa Nyamasaria ni fundi wa sare za shule, lakini ukimuulizia kwenye ploti yao watu watakuelekeza kwa harufu. Jumatatu harufu ni ya Uhindi, dengu na bizari. Jumanne ni Italia, tambi na nyama ya kusaga, ingawa jibini aliyoitaja mwanamke anayefundisha mapishi kwenye simu yake haijawahi kuonekana soko la Kibuye, kwa hiyo Rachael huchuja mala, maziwa yaliyoganda, na kusonga mbele. Alhamisi ni China, wali wa kukaangwa na karoti, na mahali pa kamba wa baharini hutia omena, dagaa wa ziwani. Wachina wakitaka kulalamika, husema, waje, yeye yupo nyumbani.

Kupika alifundishwa na Khadijah, jirani wa mlango wa pili, ambaye ndiye aliyemlisha tangu mama yake alipofariki, Rachael akiwa na miaka tisa. Khadijah alikuwa na watoto sita wa kwake. Hakuwahi kumuuliza yule wa saba kama ana njaa, alikuwa anaongeza sahani tu. Ndiyo maana mpaka leo mtu akila kwa Rachael kisha akasema "nimekula," Rachael husikia kwamba amependwa. Akibakiza kitu sahanini, huumia siku mbili. Mumewe Calvince, fundi wa friji, alilijua hilo mapema, na tumbo lake ni shahidi.

Mwezi wa nne mama yake Calvince akaja kutoka Bondo kutolewa mtoto wa jicho. Mama Dorsila ni mtu wa maneno machache, na kila moja ni la mwisho. Kwa kuwa mama wa Kijaluo halali nyumbani kwa mwanawe, hata kama nyumba ni ya kupanga, alitandikiwa kitanda kwa Khadijah, na sahani zikawa zinapelekwa huko mara tatu kwa siku. Jicho lilipona vizuri. Ila miwani nyeusi aliyopewa baada ya upasuaji hakuivua tena, hata ndani ya nyumba, hata akisali.

Rachael aliapa kwamba huyu mama hatarudi Bondo kabla hajasema, kwa mdomo wake mwenyewe, kwamba amekula. Ugali hakuugusa kabisa. Ugali ni wa siku zote. Mgeni wa heshima unamsongeaje ugali, kana kwamba imeshafika ile siku ya tatu ya kumpa jembe?

Akaanza na Italia. Mama Dorsila, nyuma ya miwani yake, aliipapasa sahani kwa vidole.

"Nyathina," akasema, maana yake mwanangu, "hii ni uzi ya kushonea?"

"Ni tambi, Mama. Ya Italia."

"Ah."

Akala, akamaliza. Akaongezwa, akamaliza tena. Akanawa mikono, akakaa wima kuelekea mlangoni, anangoja.

"Unangoja nini, Mama?" Khadijah akamuuliza.

"Sina haraka. Wacha walete."

Khadijah akadhani anataka chai. Chai ikaletwa.

Ikawa hivyo kila siku. Biriani ililiwa mpaka sufuria ikabaki inang'aa. Ngege, yaani perege, wa nazi na limau, wa mapishi ya nchi ambayo Rachael hajui hata iko upande gani wa dunia, alibaki mifupa, nayo ikanyonywa. Kila mara mama alishukuru, "ero kamano," kisha akageukia mlango na kungoja. Neno lile moja halikutoka. Rachael akaongeza viungo, akaongeza nyama, akaanza kuota sufuria.

Siku ya kumi, Jumamosi mchana, pikapu ikaingia ploti. Akashuka Opiyo, kaka mkubwa wa Calvince, na nyuma yake shangazi yao Agneta. Walikuwa na nusu gunia la unga wa mahindi na samaki waliokaushwa. Agneta alikuwa ameshika mwiko. Alitoka na mwiko wake Bondo, mwanamke yule, kama mtu anayekwenda nyumba isiyo na vyombo.

Opiyo akakohoa. "Rachael, hatujakuja na ubaya. Lakini Mama amepiga simu. Amesema siku kumi hajaona chakula kwako. Tumekuja tumchukue akiwa bado na nguvu."

Papo hapo Mama Dorsila akatokea mlangoni kwa Khadijah. Gauni lililokuwa likimpwaya alipofika sasa lilikuwa limemkaba mikono, na mashavu yamejaa mpaka yanainua miwani. Opiyo alimtazama kutoka juu mpaka chini, akarudia tena.

"Mama, si ulisema hujakula?"

"Sijakula."

"Na hii mwili?"

"Hawa watoto ni wazuri," mama akasema. "Asubuhi wananipa ya kutafuna, mchana ya kutafuna, jioni ya kutafuna. Lakini kuon, Opiyo, hata ya dawa sijaona."

Kuon ni ugali, na kwa Mama Dorsila ndicho kitu pekee duniani kinachoitwa chakula. Vingine vyote ni vitu vya kupitishia wakati mpaka chakula kije. Calvince akacheka, akauona uso wa mkewe, akaenda kukagua magurudumu ya pikapu, ambayo hayakuwa na shida yoyote.

Agneta hakungoja kukaribishwa jikoni. Alisonga ugali kwenye jiko la Rachael, kwa mwiko wake, akaupindua kwenye sahani ya Rachael. Rachael alisimama kando akikata kitunguu ambacho hakuna aliyekihitaji, apate cha kusingizia machozi yake. Mama Dorsila akamega tonge, akalifinyanga polepole, akatowea mchuzi wa samaki, akameza. Akashusha pumzi ndefu.

"Sasa nimekula," akasema.

Siku kumi Rachael alilingojea neno hilo, na likaenda kwa mwiko wa mtu mwingine. Saa kumi jioni pikapu ikaondoka na mama, miwani yake ikiangalia mbele. Rachael alijua kufikia Jumapili baada ya ibada Bondo nzima itakuwa imesikia kwamba mke wa Calvince hajui kulisha mtu.

Wiki hiyo akapika ugali. Jumatatu ugali, Jumanne ugali. Alhamisi binti yake mdogo, Hawi, akauliza, "Mama, China imefungwa?" Rachael akaendelea kusonga. Hata Khadijah alipokuja na kijungu cha biriani, Rachael alikipokea, akakifunika, akashindwa kukila.

Ijumaa simu ikaita. Ilikuwa namba ya Mama Dorsila. Rachael akaiacha iite mara tatu kabla ya kupokea.

"Rachael."

"Ndiyo, Mama."

"Tangu nirudi nimekula kila siku."

"Ni vizuri, Mama," Rachael akasema.

"Asubuhi nakula, mchana nakula, jioni nakula. Agneta anasonga mpaka mkono inamuuma." Nyuma yake Rachael akasikia kuku wa Bondo wakigombana. "Na niko na njaa."

Rachael akakaa juu ya lile nusu gunia la unga, pale pale jikoni.

"Njaa ya nini, Mama?"

"Ile ya uzi. Na ile mchele iko na omena. Na ile samaki ya nazi, Khadijah hajui jina." Sauti ikashuka, kama anayeogopa Agneta asimsikie. "Kuja Jumapili na watoto. Chakula usibebe, chakula iko huku."