Mjomba Mpakani

Watu wa Mwembesongo wana macho makali kuliko sindano zangu. Siku niliyomleta binti yangu nyumbani, amenilalia begani, jirani aliyekuwa anapepeta mchele alinyanyua kichwa akauliza, "Umezaa lini wewe?" Nikamjibu nimezaa leo, mahakamani. Yeye hakucheka. Nilicheka mimi, na baada ya hapo sikucheka tena kwa muda mrefu.

Nilikuwa nafundisha ushonaji katika chuo kidogo cha wasichana. Sikuwa nimeolewa, sikuwa nimezaa, na ile huzuni ambayo watu walinipangia sikuwa nayo. Binti nilimwona kwenye kituo cha kulelea watoto waliotelekezwa, mimi na wanafunzi wangu tulipopeleka sare tulizowashonea. Alinishika kidole akaking'ang'ania mpaka gari lilipowashwa. Nilifuata taratibu zote za kuasili, nikapekuliwa nyumba mpaka chini ya kitanda, nikaulizwa maswali ambayo waliozaa hawajawahi kuulizwa hata moja. Mwisho jaji akasema mtoto ni wangu.

Ila kwetu jaji hana kauli ya mwisho. Mimi ni Mluguru, na kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye sauti juu yake ni mjomba. Baba anaheshimiwa, anatengewa kiti kizuri, lakini mtoto akiugua, akiposwa, akihitaji kipande cha shamba, anayetafutwa ni kaka wa mama. Kwa hiyo nilimbeba binti yangu nikapanda naye mlimani, juu ya Mkuyuni, kwa kaka yangu mkubwa anayelima ndizi na pilipili manga.

Kaka alimpakata. Akammenyea ndizi mbivu, akamchekesha mpaka akapaliwa. Kisha akanigeukia, kwa sauti ya upole kabisa. "Mtoto mzuri. Ila hana lukolo, dada yangu."

Lukolo ndio ukoo.

"Lukolo lake ni langu," nikamwambia. "Mama yake mimi."

"Wewe mama wa mahakama. Tumbo lililomzaa hatulijui. Mimi nitasimama juu yake kama nani?"

Afadhali angenitukana. Tusi ningelirudisha. Upole ule ulinichoma, kwa sababu ulimaanisha hakuna cha kubishania. Mke wake alikuwa ameshapika, harufu ya nazi imejaa uani. Nilimfunga mtoto mgongoni kwa khanga nikashuka bila kuonja, jambo ambalo kwetu ni sawa na kumtemea mtu mate mlangoni. Miezi ikapita hatusemezani. Wajumbe walitumwa, nikawarudisha. Nilikuwa nimemchukia, na sioni haja ya kulipamba neno hilo.

Halafu nikapata kazi Lusaka, kufundisha ushonaji kwa mkataba wa miaka miwili. Basi tulilipandia stendi ya Msamvu. Naweka begi la mtoto kwenye buti, nageuka, huyo hapo kaka yangu, kavaa koti lake la kanisani, kabeba kichane cha ndizi.

"Shikamoo, kaka," nikasema, maana hasira haikuondolei adabu.

"Marahaba. Dada yangu hapelekwi ugenini na dereva. Nakufikisha mpakani, narudi."

Dada yangu. Mtoto hakumtaja. Nikapanda nikakaa dirishani, nikawapa mgongo wote wawili.

Mtoto hana kinyongo cha watu wazima. Kabla hatujamaliza kukatiza mbuga ya wanyama alikuwa ameshahamia mapajani kwake, anakula ndizi zake. Tulipofika Makambako baridi ilipenya mpaka kwenye mifupa, na kaka akavua lile koti akamfunika. Nikatazama kwa pembe ya jicho nikazidi kukasirika. Koti anatoa, ukoo hatoi!

Mpakani tuliteremka kugonga mihuri. Nilikuwa na kila kitu: pasi yangu, pasi ya mtoto, hukumu ya mahakama, barua ya ustawi wa jamii. Afisa wa dirishani alikuwa kijana, shati limenyooka. Akasoma, akamtazama mtoto, akanitazama mimi. Mtoto ni mweupe, mimi mweusi tititi. Akauliza, "Huyu mtoto wa nani?"

Nilifungua mdomo. Nyuma yangu sauti ikawahi.

"Wangu."

Niligeuka. Kaka yangu alikuwa amejinyoosha kama mtu anayeapa.

"Wewe ndiye baba?" afisa akauliza.

"Baba wa nini? Mimi mjomba. Mtoto wangu."

"Na huyu mama?"

"Huyu kamzaa. Kazaliwa kwetu, mlimani, mimi nipo."

Hukumu ilikuwa mkononi mwa afisa, inasema nimemuasili mtoto asiyejulikana alikotoka, na kaka yangu, mtu asiyesema uongo hata wa kumsifia mpishi, anaapa kwamba nimemzaa. Kwetu mlimani jibu lake lingemaliza mambo. Mjomba akishasema wangu, anayeendelea kuuliza anatafuta ugomvi. Pale dirishani lilikuwa jibu la mtu anayeuza watoto.

Afisa akafunga pasi zote. "Mama, hapa tunakamata biashara ya watoto kila siku. Karatasi zinasema wa kuokotwa, jamaa yako anasema wa kuzaliwa."

"Usimwite wa kuokotwa," nikasema.

"Ndivyo ilivyo."

"Anasikia! Ana masikio, anasikia!"

Najua kazi yao. Najua kuna watoto wanaovushwa na hawaonekani tena, na nashukuru kuna mtu anayeuliza. Lakini angeweza kuuliza bila neno lile. Akamwita askari wa kike, amchukue mtoto chumba cha ndani mpaka wahakikishe, na wasipompata mtu wa kuthibitisha, alale kwa ustawi wa jamii wa pale. Binti yangu alikuwa ameanza karibuni tu kulala bila kunishika nguo. Alipoona mkono wa mgeni unamshika, alipiga yowe ambalo sikuwahi kulisikia kwake. Nilimrukia yule askari, nikashikwa. Basi letu lilipiga honi, likashusha mabegi yetu, likaondoka.

Kaka hakupiga kelele. Alimfuata mtoto mpaka mlango wa kile chumba, akakaa sakafuni, mgongo umeegemea mlango. Wakamwambia aondoke. Akawaambia wambebe. Wakamtisha kumweka ndani. Akasema vizuri, wamweke humo alimo mtoto. Kutoka pale chini alikuwa anaongea na mtoto kupitia mlangoni, hadithi za ngedere wanaoiba mahindi, na yowe likapungua likawa kwikwi. Mimi nilikuwa nimesimama kaunta, namtaka afisa apige simu Morogoro, kwa mama wa ustawi aliyenipekua chini ya kitanda. Alipiga kwa kujivutavuta. Yule mama alipopokea, nilimsikia mpaka upande wangu. Alimsomea afisa habari za mtoto, mpaka kovu la gotini. Wakatazama gotini, wakalikuta.

Wakagonga mihuri. Hakuna aliyesema samahani. Afisa alinirudishia pasi huku akichezea simu yake.

Nje nilimgeukia kaka. Nilikuwa nimemshika mtoto kwa nguvu mpaka akalalamika.

"Miezi yote hii! Miezi yote unaninyima neno moja tu, nyumbani kwetu, mbele ya watu wetu. Unakuja kulitoa huku, mbele ya polisi, wanichukulie mtoto!"

"Aliuliza wa nani," kaka akasema. "Ulitaka nimwambie sijui?"

"Nilitaka unyamaze!"

"Mtoto aliniangalia." Akafuta uso kwa kiganja. "Nilishindwa kunyamaza."

Nikachukua begi, nikaanza kwenda kwenye geti la kuvukia upande wa pili. Kaka akapita mbele yangu akasimama njiani.

"Haendi."

Nilidhani sijasikia.

"Wewe nenda kazini kwako, Mungu akutangulie. Mtoto narudi naye. Umeona wanavyowashika watoto huku? Miaka miwili ugenini, nani wa kumsimamia? Mtoto wa lukolo letu havuki mpaka huu kabla mjomba hajaruhusu, na mimi sijaruhusu."

Nilisimama pale na begi langu, watu wanapita na magunia, nikamtazama mzee huyu aliyebaki na shati tu kwenye baridi, maana koti lilikuwa bado mabegani mwa binti yangu. Nilimtukana. Nilimtukana kwa Kiswahili, nikaona hakitoshi, nikamalizia kwa Kiluguru, matusi ambayo mama yetu angenipiga kwayo. Nilimwambia mtoto ni wangu, si shamba la ukoo. Akanyoosha mikono ampokee, na mtoto, msaliti mkubwa, akainama kwenda kwake. Nikamvuta nikavuka geti naye akilia anamtaka mjomba, na nyuma kaka anapiga kelele kwamba ataitisha kikao.

Amekiitisha kweli. Wazee wa lukolo wamekaa wakaamua nimekosa: nimemtorosha mtoto wao. Naambiwa nikirudi nitatozwa mbuzi. Siku niliyopata habari hizo nilikuwa nyuma ya cherehani, na nilikasirika mpaka nikavunja sindano. Mtoto wao! Nimewapigia simu mmoja mmoja kuwaambia mbuzi hawapati, na kila niliyempigia alinijibu vilevile, kwa ukali, bila kujua anachonipa: "Wewe umemzaa tu, mwenyewe si wewe."