Upepo wa Mwenyekiti

Dada yangu ni mkunga, na mtaa mzima unamwita Radi. Wanaume wenye ndevu aliowapokea mikononi mwake wakimwona wanaficha sigara. Hasira zake ninazo. Subira yake sina, na leo siitafuti.

Tulipopewa mtambo wa umeme wa upepo, ule mdogo wa mapanga matatu, shida ilikuwa moja: taa ya chumba cha kujifungulia. Radi alikuwa anashona wazazi huku kabana tochi kwa meno. Zahanati iko juu mlimani, na huko upepo umeshang'oa mabati mara chungu nzima. Haya niambie, wewe ungeusimamisha wapi?

Mkutanoni, mwenyekiti wa mtaa akataka usimame bondeni, nyuma ya ukumbi wa mikutano, karibu na barabara. "Huko juu wageni watauonaje?" Fundi wa mtambo akakohoa, akasema ukuta wa ukumbi unakinga upepo. Mwenyekiti akamuuliza kama naye anagombea uenyekiti. Watu wakacheka. Mimi nikasimama kupinga, nikaambiwa ukoo wetu una midomo. Kisha wakapiga makofi. Makofi! Watu wanaoanika nguo kila siku, wanaojua fika upepo unapita wapi! Eti hawataki kumvunjia mzee heshima. Adabu gani hiyo?

Siku ya uzinduzi mapanga yalitulia tuli. Mwenyekiti akawaambia wageni upepo uko njiani. Uko njiani! Kwani ni mjomba anatoka safari?

Haukupita muda, mke wa muuza mkaa akaja kujifungua. Mtoto akatoka salama, mama akaanza kuvuja damu. Radi akatafuta palipochanika, na tochi nayo inafifia. Alipopaona, mama wa watu alishakata roho. Dada alirudi nyumbani akanawa mikono, akanawa tena.

Ukaitishwa mkutano. Mwenyekiti akatoa pole, akaomba tuvumilie, maana subira huvuta heri.

"Heri ya nani?" Radi akauliza. Akamgeukia fundi. "Nipe spana."

"Dada, nguzo ile haishushwi na mtu mmoja."

"Si nimekuomba spana? Watu sijakuomba."

Mwenyekiti akawa anafoka, nani katoa ruhusa, nani katoa ruhusa. Muuza mkaa akampa mama yake mzazi kile kichanga, akamfuata Radi. Ndipo wengine nao wakainuka, macho chini, wale wale wa makofi. Wakailaza nguzo, wakaipandisha mlimani mabegani, na mimi nyuma yao nikiwasema njia nzima.

Fundi alipolegeza breki, mapanga yakaanza kuzunguka hapo hapo. Mtu akapiga makofi.

"Koma!" Radi akamwambia.

Betri ziliposhika chaji, muuza mkaa akaomba aone chumba. Radi akamwashia. Akatazama kitanda, akatazama juu.

"Ni balbu hii moja tu, nesi?"

"Ni hiyo tu, baba."

Akatoka nje. Mwenyekiti alikuwa anawapanga watu wapigwe picha chini ya nguzo. Muuza mkaa akamshika mkono, akamvuta hadi mlangoni pa kile chumba.

"Itazame," akamwambia. "Usinipe pole. Itazame tu."