Ndama wa Uso Mweupe

Majirani walimbandika jina la Mama Vigingi, naye hakununa. Kwa miaka kumi na mitatu, kila asubuhi alitoka na fungu la vigingi begani, akazungushia uzio kipande kipya cha malisho na kuhamishia ng'ombe humo, kile cha jana akakiacha kipumzike mpaka majani yafike magotini. Watu walimcheka eti anawatembeza ng'ombe kama watalii. Lakini shamba lile, ambalo yeye na mdogo wake walilirithi likiwa kipara kitupu, sasa ukichokonoa udongo kwa kidole unakutana na minyoo.

Ng'ombe nao aliwachagua kizazi baada ya kizazi: wekundu, wafupi, wanaonenepa kwa majani matupu na kuzaa bila msaada. Yeye alichagua fahali; mdogo wake, mpandishaji mwenye cheti, ndiye aliyeshika mtungi wa mbegu za fahali na kuvaa glavu za kufika begani. Hakuna mtu ambaye Mama Vigingi alimwamini kama huyo.

Asubuhi moja alimkuta Kidoti, jike lake la kwanza kabisa, amelala akigumia kwa uchungu wa kuzaa. Mizao saba alishazaa peke yake. Safari hii Mama Vigingi alifunga kamba miguu ya ndama, akavuta mpaka viganja vikachubuka. Ndama akatoka, mkubwa ajabu, uso mweupe pe. Kidoti alijaribu kuinuka, miguu ya nyuma ikakataa.

Katika kundi lile hapakuwa na hata alama nyeupe.

Alimfuata mdogo wake banda la kupandishia, mikono bado ina damu.

"Baba wa huyu ndama ni nani?"

"Dada, si rangi tu hiyo? Huwa inarukaruka."

"Nakuuliza baba yake ni nani."

Mdogo mtu akatazama buti zake. "Mbegu za kampuni ya nyama. Wanataka ndama wakubwa wa kunenepesha. Nilitaka uwaone kwanza, ndiyo nikwambie."

"Umewapandisha wangapi?"

"Wote wa msimu huu."

Mama Vigingi akakumbuka jinsi alivyokuwa akimtajia jina la fahali wao, naye akiitikia, "Sawa, dada," huku mkono umo ndani ya ng'ombe.

Hakupiga kelele. "Huondoki mpaka wa mwisho azae," alisema. "Uchafu huu tutausafisha sote."

Kidoti hakusimama tena; siku ya tatu ilibidi achinjwe. Kwa wiki sita ndugu wale walivuta kamba moja, wakisemezana maneno mawili tu: "vuta" na "legeza". Majike mengine mawili yakafa.

Siku jike la mwisho lilipozaa, mdogo mtu alinawa mikono, akasema, "Dada, nilikosea. Nisamehe."

"Ungeniomba ningekukatalia, tukagombana, yakaisha," alijibu. "Wewe ukanifanya mjinga katika kazi yangu mwenyewe. Wachukue ndama weupe wote, uchukue na upande wako wa shamba."

Waligawana wiki iliyofuata. Mama Vigingi alibaki na majike yaliyochoka na mitamba tisa wekundu ambao hawajawahi kupandishwa, akajiandikisha kwenye mafunzo ya upandishaji. Mwalimu alimwuliza, kwa umri wake, kwa nini asitafute mtaalamu.

"Nilikuwa naye," alisema, akavaa glavu.