Nadai Sare

Juzi mwanangu alikuwa akicheza chesi kwenye simu. Kioo kikaandika "sare", nami nikasikia harufu ya tumbaku.

Baba alifanya kazi kwenye ghala la tumbaku, na sare yake ya kaki ilinuka hata baada ya kufuliwa. Alasiri moja, nikiwa mdogo, ilikuwa imeanikwa uani kwetu Mjimwema, mawingu yameshuka, na Baba alikuwa barazani akicheza chesi na rafiki yake, Mzee Komba, karani wa ghala hilohilo. Mzee Komba alizoea kucheza kwa makelele, lakini siku hiyo alikuwa kimya. Alimsogeza malkia, akamrudisha, akamsogeza tena palepale, akamrudisha tena.

"Mpangilio huu umejirudia mara tatu," alisema mwishowe. "Kwa sheria, nadai sare."

"Lakini unashinda, bwana," Baba alimwambia.

"Nimesema nadai sare."

Mimi sare niliyoijua ilikuwa nguo. Niliianua ile ya Baba, bado haijakauka, nikaificha nyuma ya gunia la mahindi, kisha nikasimama mbele ya mgeni.

"Shikamoo. Sare ya Baba hatukupi."

Baba alicheka hadi akafuta machozi. Mzee Komba hakuitikia hata shikamoo yangu. Aliinuka, akaacha chai yake nzima, akaondoka huku ngurumo zikianza. Nilidhani nimemvunjia heshima.

Wiki iliyofuata ndipo tulipojua kwamba asubuhi ile alikuwa ofisini akipiga taipu orodha ya wanaopunguzwa kazi. Jina la Baba alikuwa amelipiga yeye mwenyewe, kisha akaja kwetu kucheza.